Walimu Waliofundisha Uraia Wasiokuwa Nao

Mwaka 1956 Bunge la jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani, lilipitisha sheria fupi na kali: hakuna mtumishi wa umma atakayeruhusiwa kuwa mwanachama wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani Weusi. Pigo lilikuwa la walimu. Shule za watoto Weusi zilikuwa za serikali na mishahara ilitoka serikalini, kwa hiyo mwalimu alitakiwa achague kati ya chama na chaki. Septima Poinsette Clark, aliyekuwa akifundisha mjini Charleston, hakuficha uanachama wake. Alikuwa na umri wa miaka 58. Mkataba wake haukuhuishwa, na miaka 40 ya ualimu pamoja na pensheni yake vikaenda na maji.

Hakukubali jambo hilo lipite kimya. Alitia saini barua 726 kwenda kwa walimu wenzake Weusi, akiwaomba waiambie serikali kwamba sheria hiyo ni dhuluma. Walijibu 26. Kati yao, 11 walikubali kwenda pamoja naye kumwona mkuu wa elimu. Siku ilipofika wakatokea watano. Baadaye Clark alilihesabu tukio hilo miongoni mwa mambo aliyoshindwa maishani, lakini lawama hakuwatupia wale waliobaki majumbani. Alisema kosa lilikuwa lake, kwa kuwa aliwasukuma watu kwenye jambo ambalo hawakuwa tayari kulikabili. Mtu mwingine angetoka hapo na kinyongo. Yeye alitoka na mtaala.

Watawala wa South Carolina walikosea mengi, ila katika kumwogopa mwalimu waliona sawasawa. Kikulacho ki nguoni mwako. Shule walizozijenga shingo upande, kwa fedha kiduchu, ili zitoe vibarua wa mashamba ya pamba na wafanyakazi wa majumbani, zilikuwa kwa miongo mingi zikitoa watu wanaojua ibara za katiba, wanaojua kuendesha mkutano, na wanaojua kwamba kura ni yao hata kama hawajaiona. Na aliyewapa hayo alikuwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali ileile.

Ili kuielewa hofu hiyo, turudi nyuma kidogo. Wakati wa utumwa, sheria ya South Carolina ya mwaka 1740 ilikataza kumfundisha mtumwa kuandika. Ya mwaka 1834 ikaongeza marufuku ya kusoma. Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, shule ziliota kila pembe ya Kusini, na katika nyingi babu alikaa benchi moja na mjukuu wake. Kisha watawala wa zamani wakarudi madarakani. Katiba ya South Carolina ya mwaka 1895 ilikuwa na vifungu viwili vinavyofaa kusomwa pamoja. Kimoja kiliamuru watoto wa Kizungu na watoto Weusi wasome katika shule tofauti. Kingine kilisema anayetaka kupiga kura aweze kusoma na kuandika sehemu yoyote ya katiba, au awe na mali ya dola 300. Yaani jimbo lilimnyima mtu shule ya maana, kisha likamngojea kwenye meza ya kuandikisha wapiga kura limtahini kusoma. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Plessy, ikabariki utengano huo kwa sharti la usawa.

Usawa wenyewe ulikuwa hivi: katika mwaka wa masomo wa 1949/50, kaunti ya Clarendon, jimboni humo humo, ilitumia dola 179 kwa kila mtoto wa Kizungu na dola 43 kwa kila mtoto Mweusi. Wazungu walikuwa na mabasi ya shule zaidi ya 30. Weusi hawakuwa hata na moja. Mchungaji na mwalimu Joseph DeLaine alipowaunga mkono wazazi kuomba basi moja tu, walikataliwa, na ombi la basi likakua hadi kuwa kesi ya kupinga utengano wote. Harry Briggs, ambaye jina lake lilitangulia kwenye kesi hiyo, alifukuzwa kazi katika kituo cha mafuta. Mkewe alipoteza kazi yake hotelini. Nyumba ya DeLaine ilichomwa moto, na hatimaye yeye mwenyewe akalikimbia jimbo.

Wazazi hawakukaa wakingojea serikali. Kati ya 1912 na 1932, zaidi ya majengo 5,000 ya shule za Weusi yalijengwa katika majimbo 15 ya Kusini kwa mpango ulioasisiwa na Booker T. Washington pamoja na tajiri wa maduka, Julius Rosenwald. Jina lililobaki kwenye majengo ni la tajiri. Lakini michango ya wanavijiji Weusi, ya senti, mbao, viwanja na nguvu za mikono, ilizidi fedha alizotoa Rosenwald, na hao walikuwa wameshalipa kodi kama raia wengine. Kenya ingeiita harambee, isipokuwa hapa watu walichangia shule ambazo kodi yao ilikwisha kuzilipia mara moja.

Sasa ndani ya madarasa hayo kulifundishwa uraia gani? Hapa ndipo habari inapokuwa na pande mbili, na upande mmoja ulifika mpaka kwetu.

Taasisi ya Hampton, jimboni Virginia, ilianzishwa mwaka 1868 kuwafundisha Weusi ufundi na ualimu. Mwanzoni mwa karne ya 20 alifundisha pale Thomas Jesse Jones, Mzungu mzaliwa wa Wales, aliyetunga somo aliloliita maarifa ya jamii. Ujumbe wake, ukiuvua maneno ya kitaalamu, ni kwamba Mweusi yuko nyuma kwa sababu kabila lake bado linakua. Basi ajifunze usafi, bidii na uvumilivu, na mambo ya siasa yatakuja wakati wake ukifika. Jones hakuishia Hampton. Aliongoza kamati ambayo ripoti yake ya mwaka 1916 ilisaidia kulieneza somo la maarifa ya jamii katika shule za Marekani nzima. Kisha akaongoza tume mbili za Phelps-Stokes barani Afrika. Ya pili, mwaka 1924, ilizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ikiwa na Mghana mashuhuri James Aggrey miongoni mwa wajumbe wake. Mwaka mmoja baadaye serikali ya kikoloni ilifungua Shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, kwa mfano uliotolewa moja kwa moja katika shule za Weusi wa Kusini mwa Marekani. Walimu walipelekwa kujifunza kilimo bora, usafi wa kijiji na malezi ya watoto, wakavieneze vijijini. Kura haikuwa sehemu ya mafunzo.

Tuwe waadilifu: walimu wa Jeanes wa Marekani wenyewe, kuanzia Virginia Randolph wa kaunti ya Henrico, walikuwa watu wa kazi kubwa, na vijiji vingi vilipata choo, maji na darasa kwa sababu yao. Shida haikuwa choo. Shida ni kwamba mkoloni alichukua kutoka Marekani kile ambacho watawala wa Kusini walitaka shule za Weusi ziwe, akadhani amechukua kile zilichokuwa. Mwaka 1927 kijana wa Kikuyu, Mbiyu Koinange, alikwenda kusoma Hampton hiyohiyo. Ni mwaka ambao wanafunzi wa Hampton waligoma, wakidai elimu bora na kuheshimiwa kama watu wazima, baada ya uongozi kuagiza taa zisizimwe wakati wa kuonyesha filamu ili kulinda maadili yao. Koinange aliporudi nyumbani akiwa na shahada, hakwenda kuwa mwalimu mtiifu. Mwaka 1939 akawa mkuu wa chuo cha walimu cha Githunguri, cha shule huru za Wakikuyu, ambacho serikali ilikifunga wakati wa Hali ya Hatari. Kabete nayo iligeuzwa kuwa chuo cha kuwaandaa maofisa wa utawala wa Kenya huru, na leo ni Chuo cha Serikali cha Kenya.

Upande wa pili wa uraia haukuandikwa kwenye silabasi. Aliyeutafutia vitabu ni Carter G. Woodson, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, aliyechimba makaa ya mawe kabla ya kuanza sekondari akiwa na umri wa miaka 20, na aliyepata shahada ya uzamivu ya historia Harvard mwaka 1912. Alifundisha sekondari mjini Washington na alijua kitabu cha kiada kinaweza kumfanyia nini mtoto. Februari 1926 alianzisha Juma la Historia ya Weusi, ambalo baadaye likawa mwezi mzima. Waliolibeba hawakuwa maprofesa. Walikuwa walimu wa shule za msingi, kwa maigizo, mabango na mashairi ya kukariri. Mwaka 1937 Woodson akawaanzishia jarida lao. Na huyu Woodson alikuwa miongoni mwa wapinzani wakali kabisa wa Thomas Jesse Jones.

Ufundishaji huo ulihitaji ujasiri wa aina yake. Katika simulizi moja ya Louisiana ya miaka ya 1930, mwanafunzi anamkumbuka mwalimu wake wa historia aliyeweka mezani mwongozo rasmi wa masomo, na mapajani kitabu cha Woodson. Alisoma cha mapajani. Mkuu wa shule akiingia, macho yalipanda juu ya meza na sauti ikaendelea na mwongozo. Wanafunzi waliona kila kitu. Sidhani kuna kipindi cha uraia kilichofundisha mengi zaidi kuhusu dola kuliko macho yale kupanda na kushuka.

Kwingine somo lilitoka darasani likaenda barabarani. Atlanta mwaka 1919, watawala wa mji walitaka wapiga kura waidhinishe mikopo, pamoja na ya kujenga shule. Weusi walikuwa wamefungiwa nje ya kura za mchujo za chama cha Democratic, ambako ndiko viongozi walikopatikana, lakini kura maalumu za mikopo hazikuwa na kizuizi hicho. Walijiandikisha, wakaiangusha mikopo. Mwaka 1921 mji uliahidi shule ya sekondari ya Weusi, na mikopo ikapita. Shule hiyo, Booker T. Washington, ilifunguliwa mwaka 1924. Martin Luther King Mdogo alisoma hapo. Miaka ya mwanzo ya 1930 Lugenia Burns Hope na NAACP walianzisha mjini humo shule za uraia kwa watu wazima, na mwanahistoria Clarence Bacote wa Chuo Kikuu cha Atlanta akawa anawaeleza watu jinsi serikali ya mji, ya jimbo na ya shirikisho zinavyofanya kazi, na jinsi ya kujiandikisha.

Na kuna mji wa Farmville. Shule ya sekondari ya Robert Russa Moton, katika kaunti ya Prince Edward, Virginia, ilijengwa mwaka 1939 kwa wanafunzi 180. Kufikia mwaka 1951 ilikuwa na zaidi ya 450. Waliozidi walisomea kwenye vibanda vilivyofunikwa kwa karatasi ya lami, vyenye jiko la kuni la kupasha joto. Aliyekaa karibu na jiko aliungua, aliyekaa mbali alitetemeka, na mvua ikinyesha mwanafunzi alifungua mwavuli darasani. Barbara Johns, mwenye umri wa miaka 16, alimlalamikia mwalimu wake wa muziki. Mwalimu akamwuliza kwa nini hafanyi jambo.

Akafanya. Tarehe 23 Aprili 1951 mkuu wa shule, Boyd Jones, alipigiwa simu ya uongo kwamba wanafunzi wake wamo matatani mjini, akatoka mbio. Karatasi zikapita madarasani zikiita mkutano wa shule nzima, kana kwamba ameziandika yeye. Pazia la jukwaa lilipofunguka, aliyekuwa amesimama pale ni Barbara. Aliwaomba walimu watoke nje. Ombi hilo huwa naliona ndilo lenye akili kuliko yote ya siku ile, maana mwalimu asiyekuwepo ukumbini hawezi kufukuzwa kwa kilichosemwa ukumbini. Kisha wanafunzi wakagoma kwa takriban majuma mawili. Mawakili wa NAACP, Oliver Hill na Spottswood Robinson, walikubali kuwatetea kwa sharti kwamba wasidai jengo jipya bali wadai mwisho wa utengano. Kesi yao ikawa moja ya tano zilizounganishwa chini ya jina la Brown.

Boyd Jones alipoteza kazi hata hivyo. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Brown kwamba shule za kutenganisha ni kinyume cha katiba, na kaunti ya Prince Edward, badala ya kuwaweka watoto pamoja, ilifunga shule zake zote za umma kuanzia 1959 hadi 1964. Watoto wa Kizungu walifunguliwa shule ya binafsi. Watoto wengi Weusi walikaa miaka kadhaa bila darasa rasmi, isipokuwa wale waliopelekwa kwa jamaa kaunti nyingine au kufundishwa makanisani.

Turudi sasa kwa Septima Clark, aliyezaliwa Charleston mwaka 1898. Baba yake aliwahi kuwa mtumwa. Alisoma Avery, shule iliyofunguliwa na wamisionari mwaka 1865, akahitimu ualimu mwaka 1916; lakini mji wa Charleston haukuajiri walimu Weusi katika shule zake za umma, hata zile za watoto Weusi. Ilimbidi avuke kwa mashua hadi Johns Island, moja ya visiwa vya pwani ambako Weusi, wazao wa watumwa wa mashamba ya mpunga na pamba, wanasema lugha yao ya Kigullah. Alikuwa na umri wa miaka 18. Yeye na mwenzake mmoja walikuwa na watoto 132. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na shule ya Wazungu yenye wanafunzi watatu, na mwalimu wake alilipwa dola 85 kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya alichopata Clark. Hakukuwa na vifaa. Aliandika masomo kwenye karatasi za mifuko. Usiku walimjia watu wazima, wakitaka kusoma hotuba za vyama vyao vya kusaidiana ili wasilazimike kuzikariri kwa masikio.

Mwaka 1919 alipokuwa akifundisha Avery, alishiriki kampeni ya NAACP ya kukusanya maelfu ya saini nyumba kwa nyumba, na mwaka 1920 Charleston ikalazimika kuwaajiri walimu Weusi. Miaka ya 1940, mjini Columbia, aliisaidia kesi ya kudai mishahara sawa iliyoendeshwa na wakili Thurgood Marshall, wakashinda. Kwa hiyo mwaka 1956 serikali haikumfukuza mwalimu aliyeteleza. Ilimfukuza mwalimu aliyekuwa ameishinda mara mbili.

Aliyempa kazi baada ya kufukuzwa ni Myles Horton, Mzungu wa Tennessee aliyekuwa ameanzisha mwaka 1932 kituo cha watu wazima cha Highlander, mahali ambapo Weusi na Wazungu walikula meza moja wakati sheria ilikataza. Clark alikuwa ameshaendesha semina pale. Katika ya kiangazi cha 1955 alikuwemo mshonaji wa Montgomery, Rosa Parks, miezi michache kabla hajakataa kumpisha Mzungu kiti kwenye basi.

Johns Island alikuwepo Esau Jenkins, mkulima aliyekuwa na basi la kuwapeleka wanavisiwa kazini mjini kila alfajiri. Njiani aliwasomea abiria vifungu vya katiba. Mama mmoja alikariri kifungu kizima kwa moyo, akamwambia Jenkins anataka kukisoma kwa macho. Hapo ndipo lilipozaliwa darasa. Ushirika wa wanakijiji, Progressive Club, ulinunua jengo lililokuwa shule ya zamani kwa mkopo wa Highlander. Mbele wakaweka duka la vyakula, lisiwatie Wazungu wasiwasi. Nyuma, chumba cha kusomea.

Nani afundishe? Clark, mwalimu wa miaka 40, alikataa kumwajiri mwalimu. Alimchagua binamu yake Bernice Robinson, msusi wa nywele. Sababu mbili. Kwanza, mwalimu mwenye cheti amezoea kurekebisha watu, na mtu mzima anayeona haya kwa kutojua kusoma akisahihishwa mara mbili harudi tena. Pili, wateja wa Robinson wote walikuwa Weusi. Hakukuwa na Mzungu wa kumfukuza kazi. Soma tena sababu hii ya pili ukikumbuka zile barua 726. Clark alikuwa ametafuta mwalimu ambaye serikali haikuwa na pa kumshikia.

Darasa lilianza tarehe 7 Januari 1957, msimu ambao shamba halina kazi nyingi, kwa wanafunzi 14. Robinson alikuja na vitabu vya watoto wa shule ya msingi, akaona mara moja vinawadhalilisha, akaviweka kando. Akawauliza wanataka kujua nini. Walitaka kuandika majina yao, kusoma Biblia, kusoma barua za watoto wao waliohamia mijini, kujaza fomu za posta za kutumia fedha na za kuagiza bidhaa. Basi hayo ndiyo yakawa masomo. Hesabu zilitoka kwenye bei za dukani na mafuta ya basi. Kusoma kulitoka kwenye sheria ya uchaguzi ya jimbo, na ukutani Robinson alibandika Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu akisema mwisho wa kozi wawe wanalisoma na kulielewa. Mama wa miaka 65, baada ya majuma kadhaa, alimnyang'anya rula na kuonyesha ubaoni, kati ya majina mengi, lake.

Wanafunzi hao walivuka meza ya mtihani na kuingia kwenye daftari la wapiga kura, na visiwa vya jirani, Wadmalaw na Edisto, vikaomba madarasa yao. Ninachokiona mimi katika mpango huu ni kwamba uraia haukufundishwa kama habari za serikali. Ulianzia kwenye fomu ya posta, ukapita kwenye kodi na barabara ya kijiji, ukafika kwenye kura. Mtu aliyejifunza kusaini jina alishajua anasaini kwa nini.

Mwaka 1959 polisi wa Tennessee walivamia Highlander na kumkamata Clark kwa madai ya pombe, mtu ambaye hakuwa mnywaji. Kibali cha kituo kilifutwa na mali zake zikapigwa mnada. Mwaka 1961 mpango ukahamia kwa shirika la haki za raia la Martin Luther King, SCLC, chini ya Clark, Dorothy Cotton na Andrew Young, na mafunzo yakafanyika Dorchester, Georgia, katika majengo ya shule ya zamani ya watumwa walioachwa huru. Watu walikuja kwa mabasi kutoka majimbo yote ya Kusini, wakakaa siku tano, wakarudi kufungua madarasa jikoni, saluni na chini ya miti. Inakadiriwa walimu wapatao 10,000 waliandaliwa kwa njia hiyo. Fannie Lou Hamer, kibarua wa pamba wa Mississippi aliyekwisha kufukuzwa shambani kwa kujaribu kujiandikisha, alikuwa anarudi kutoka mafunzo ya mpango huo Juni 1963 alipokamatwa mjini Winona na kupigwa hadi kupata ulemavu. Tarehe 6 Agosti 1965 Rais Lyndon Johnson alisaini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, na mitihani ya kusoma ikasimamishwa. Picha za siku hiyo zimejaa wanaume. Clark hakusita kusema baadaye kwamba ndani ya SCLC mwanamke alikuwa akitoa hoja na wazee wa harakati wakiipita kama hawakusikia.

Mwaka 1975 wapiga kura wa kaunti ya Charleston walimchagua kuingia kwenye bodi ya shule. Mwaka 1976 gavana akakiri kwamba alifukuzwa bila haki, pensheni ikarudishwa. Alifariki Desemba 1987.

Walimu wengine hawakupata gavana wa kuungama. Shule za Kusini zilipounganishwa hatimaye, zilizofungwa zilikuwa za Weusi. Wakuu wa shule waliokuwa nguzo za miji yao walishushwa kuwa wasaidizi au wasimamizi wa vitabu, vikombe vya ushindi vikatupwa, majina ya shule yakafutwa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kati ya 1954 na 1965 zaidi ya walimu na wakuu wa shule Weusi 38,000 walipoteza kazi katika majimbo 17. Mahakama ilikuwa imesema utengano unamdhuru mtoto; ambacho haikukisema ni kwamba ndani ya shule zile duni kulikuwa na kitu chema, na kitu hicho kilikuwa mtu. Kesi ya Brown ilikuwa ya haki, na sijui mtu mwenye akili anayetamani vibanda vya Farmville virudi. Lakini aliyeitekeleza alikuwa Mzungu wa bodi ya shule yuleyule aliyeipinga, na alipopata nafasi ya kupunguza walimu alijua aanze na nani.

Leo katika kila walimu 100 wa shule za umma nchini Marekani, Weusi hawafiki wanane. Wanafunzi Weusi ni takriban 15 katika kila 100.